Ugaga Hutoka, Madoa ya Maji Hubaki

Wengi wanaokuja kwangu kusafisha meno hapa Arusha wanataka yawe meupe. Kijana anakaribia kufunga ndoa, binti ana usaili wa kazi hotelini, anafungua kinywa na kuniambia, "Daktari, niondolee hii rangi." Mara nyingi nakuta mambo mawili kinywani, kwa hiyo naanza kwa kumpa kioo nimwonyeshe lipi ni lipi.

La kwanza ni ugaga. Bakteria hujenga utando laini juu ya meno kila siku. Usipoondolewa kwa mswaki, madini yaliyo kwenye mate huugandisha ukawa mgumu. Hujaa zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na kwenye magego ya juu upande wa shavu, maana hapo ndipo mate yanapotokea. Ukishaganda, mswaki hauuwezi tena. Huo ndio tunaoutoa kwa mashine yenye ncha inayotetemeka zaidi ya mara 25,000 kwa sekunde huku ikirusha maji.

La pili ni madoa ya kahawia ya floraidi. Hayo yamo ndani ya jino lenyewe. Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya taya, meno hayo yanaweza kuota na madoa. Mashine yangu haiyatoi, wala mkaa, ndimu au majivu. Nawasihi sana muache kujisugua navyo: vinakwangua au kumomonyoa gamba la jino, na gamba hilo halioti tena. Madoa yana tiba nyingine, kama kufunika jino kwa vijazio vyenye rangi ya jino, ila kwanza fizi zipone.

Fizi ndiyo sababu hasa ya kusafisha. Mwaka 1965 mtafiti Harald Løe na wenzake nchini Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote fizi zilikuwa zimevimba. Waliporudia mswaki, zikapona. Mtu akiacha hali hiyo miaka mingi, mfupa unaoshika jino unaweza kuanza kuliwa, na huo haurudi wenyewe.

Wazee huniambia, "Mwanangu, jirani yangu alisafishwa, meno yakalegea." Naielewa hofu yao. Kilichotokea ni kwamba mfupa ulikuwa umeshaliwa, na ugaga ulikuwa umeyagandisha meno pamoja kama saruji. Ukitolewa, nafasi zinaonekana na jino linatikisika, lakini ugonjwa ulikuwapo tangu zamani. Kuuacha ugaga humo ni kuongeza kasi ya kung'oka. Siku chache za ganzi kwa maji baridi baada ya kusafishwa ni kawaida.

Wazazi wenye watoto chini ya miaka minane, ulizeni maji ya kisima chenu yamepimwa lini. Kuchemsha hakuondoi floraidi; maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa na kidogo sana, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachotumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kuichuja. Punguzeni pia magadi kwenye makande ya mtoto, kwani nayo yana floraidi.

Kina mama huniuliza, na swali lao ni la haki: kama floraidi ndiyo iliyoharibu meno yangu, mbona unaniambia nimnunulie mwanangu dawa ya meno yenye floraidi? Madoa huletwa na ile inayomezwa wakati meno yanaumbika. Ile inayopakwa juu ya jino hukaza gamba lisitoboke. Kwa aliye chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, kuanzia mitatu hadi sita kiasi cha njegere, kisha simama naye mpaka ateme.