Bei ya kijiko Auschwitz

Nafundisha historia ya Ulaya ya karne ya 20, na kila muhula wanafunzi wanafika darasani wakiijua tayari ile namba: Wayahudi milioni 6. Wameikariri tangu sekondari. Ukiwauliza namba hiyo wanaielewaje, wengi wanakosa la kusema, na siwalaumu. Nani anaweza kuvibeba akilini vifo milioni 6 kwa mkupuo mmoja? Ndiyo maana somo la Holokosti, yaani maangamizi ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, huwa nalianza na kijiko.

Habari za kijiko hicho tumezipata kwa Primo Levi, mkemia Myahudi wa Turin, Italia. Alikamatwa Desemba 1943 akiwa na kikundi cha waasi waliojificha milimani, na Februari 1944 akapakiwa kwenye treni ya mizigo iliyotoka kambi ya Fossoli, hukohuko Italia, na watu 650. Kwa hesabu yake mwenyewe, walioandikishwa kambini baada ya kufika Auschwitz, kambi ya kazi na mauaji ya Wanazi nchini Poland, ni wanaume 96 na wanawake 29. Wengine wote, zaidi ya 500, hakuna aliyekuwa hai siku mbili baadaye. Behewa lake lilibeba watu 45. Waliorudi makwao ni 4.

Mfungwa mpya hakupewa kijiko. Supu aliilamba kama mbwa mpaka apate kijiko cha magendo, na bei ya kawaida ilikuwa nusu ya mgawo wa mkate wa siku, au lita moja ya supu. Yaani mtu anayekufa njaa anatoa chakula ili apate cha kulia chakula. Wanafunzi hudhani ni uhaba wa vita. Kisha nawasomea Levi anavyosimulia yaliyoonekana baada ya kambi kukombolewa Januari 1945: maghala yalikuwa na maelfu ya vijiko vipya vya plastiki, na makumi ya maelfu ya vijiko vya aluminiamu, vya chuma, hata vya fedha, vilivyoporwa kwenye mizigo ya waliokuwa wakiletwa. Vijiko vilikuwepo tele. Walinyimwa ili wadhalilike.

Hati za Wanazi zimetuachia ratiba za treni, orodha za majina na hesabu za mali iliyoporwa. Ni ushahidi mzito, na bila hizo kazi yangu isingewezekana. Lakini hati huandikwa na mwenye rungu. Kwamba udhalilishaji ulikuwa sehemu ya mpango wenyewe, na jinsi ulivyopenya hadi kwenye bakuli la supu, tumeelezwa na walioinama kulamba.

Manusura pia wanatuonyesha jinsi uhai ulivyoning'inia kwenye uzi. Ruth Klüger, mzaliwa wa Vienna, alikuwa na miaka 12 aliposimama Auschwitz mbele ya afisa wa SS, jeshi la chama cha Nazi lililoendesha kambi, aliyekuwa akichagua wanawake wa kupelekwa kazini. Mfungwa mmoja, karani kijana, alimnong'oneza aseme ana miaka 15. Afisa akaona mtoto ni mdogo mno. Karani akamtetea kwamba ana misuli, ana nguvu. Klüger akapita. Karani yule hakumjua wala hakuwa na deni kwake. Nikilisoma tukio hili siwezi tena kusema, kama wasemavyo wengi, kwamba walionusurika walikuwa imara kuliko wenzao.

Je, kumbukumbu haikosei? Hukosea, hasa tarehe na mfuatano wa mambo, na ndiyo sababu tunailinganisha na hati na simulizi za wengine. Kumewahi hata kutokea mghushi: mwaka 1995 mtu aliyejiita Binjamin Wilkomirski alichapisha utoto wa kambini ambao hakuwahi kuuishi. Uchunguzi ulimuumbua ndani ya miaka michache. Kwangu huo ni uthibitisho kwamba simulizi hizi zinapimwa, hazimezwi tu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mwanzoni waliosikiliza walikuwa wachache. Kitabu cha kwanza cha Levi kilikataliwa na mchapishaji mkubwa wa Italia, kikatoka mwaka 1947 kwa nakala 2,500 kupitia nyumba ndogo ya uchapishaji. Yule aliyekikataa, Einaudi, alikitoa mwaka 1958, na hapo ndipo kilianza kuenea. Miaka kumi na moja! Manusura walikuwa tayari kusema kabla dunia haijawa tayari kusikia.

Levi mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya kifo chake mwaka 1987, aliandika kwamba manusura si mashahidi kamili. Waliofika chini kabisa hawakurudi kusimulia. Kwa hiyo baada ya Levi na Klüger huwapa wanafunzi maandishi ya Zalman Gradowski, Myahudi wa Poland aliyelazimishwa na Wanazi kuchoma maiti Birkenau, sehemu ya Auschwitz. Aliandika kwa siri, akayafukia karibu na tanuri, na akauawa katika uasi wa wafungwa wa Oktoba 1944. Yalifukuliwa mwaka 1945. Ndani yake anamsihi atakayeyaokota aendelee kuchimba kila mahali, kwa sababu yapo mengine mengi ardhini.