Mchezo Usioonekana kwa Wiki Kadhaa Si Lazima Uwe Umefutwa

Watazamaji wengi wa The Price Is Right, kipindi cha televisheni cha Marekani ambacho washiriki wake hukisia bei za bidhaa, hudhani kwamba mchezo wasiouona kwa wiki kadhaa umefutwa. Dhana hiyo inapuuza hesabu nyepesi: kipindi cha saa moja huwa na michezo 6 tu, ilhali iliyomo kwenye mzunguko inazidi 70, kwa hiyo mingi hulazimika kusubiri zamu. Kufutwa kwenyewe kupo. Professor Price, ulioanza mwaka 1977, ulichezwa mara 2 tu. Hata hivyo, badiliko linalovutia zaidi, kwa maoni yangu, ni la kanuni ndani ya mchezo uleule. Toleo la sasa lilipoanza mwaka 1972 likiwa na michezo 5, bei za magari yaliyoshindaniwa zilikuwa za tarakimu 4. Zilipofikia tarakimu 5, Any Number, mchezo wa kwanza kabisa kuchezwa, haukuondolewa, bali ulirekebishwa ili mshiriki aonyeshwe tarakimu ya kwanza bila kuikisia. Plinko, ulioongezwa mwaka 1983, nao ulipandishiwa zawadi ya juu kutoka dola 25,000 hadi dola 50,000 mwaka 1998.