Chumba kalipia nani?

Jumapili moja, yapata saa mbili usiku, mhariri alinipigia simu nikiwa nimeshavua viatu. "Dada, tuna bomu. Pita hapa kabla hatujafunga kurasa."

Mimi ni wakili, na sehemu ya ugali wangu inatoka vyumba vya habari. Nasoma habari kabla haijaenda mtamboni, nazungushia kalamu nyekundu sentensi itakayotupeleka mahakamani. Siku nyingi ni kazi ya kuchosha: kufuta "fisadi", kuandika "anayedaiwa".

Bomu lenyewe lilikuwa picha sita kwenye simu ya kijana mmoja mwandishi. Kiongozi wa siasa, cheo chake nakiacha, anatoka kwenye lango la gesti nje kidogo ya mji. Nyuma yake mwanamke ambaye si mkewe, kanga begani. Kichwa cha habari kilikuwa tayari kimepangwa kwa wino mwekundu: MHESHIMIWA ANASWA GESTI!

"Shikamoo wakili," kijana akasema.

"Marahaba. Umepiga lini?"

"Jana, saa nne kasorobo usiku."

"Hii inauza," mhariri akadakia.

"Naamini. Chumba kalipia nani?"

Kimya. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Nikamwomba kijana akuze picha ya tatu, kona ya kulia. Chini ya mwembe kulikuwa na shangingi (lile la magurudumu, msinielewe vibaya), namba za STK, kiti cha dereva kimelazwa na dereva kalala. Gari la serikali, mafuta ya serikali, dereva wa serikali, Jumamosi usiku. Habari ilikuwa pale kwenye kona, na ukurasa wetu ulikuwa umeikata ili mwanamke aonekane vizuri.

Nasimulia hili kwa sababu kila nikitajwa kuwa mwanasheria wa habari naulizwa swali lilelile: je, maisha binafsi ya mwanasiasa yanatuhusu? Watu wanataka ndiyo au hapana. Jibu langu ni kwamba tunachungulia mlango usio wetu, na ule ulio wetu tunaupita tumeinamisha vichwa.

Tuanze na mlango usio wetu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na, neno ninalolipenda kuliko yote humo, unyumba wake. Waliochagua neno hilo walijua Kiswahili. Unyumba ni yale ya mke na mume ambayo hata mshenga hayaulizi. Na ibara inasema "kila mtu". Haikuandikwa "isipokuwa mbunge".

Kuna jambo ambalo waandishi wengi hawalijui mpaka walipe. Ukishtakiwa kwa kashfa, ukweli ni ngao: thibitisha ulichoandika, na kama umma ulistahili kukijua, una pa kusimamia. Kwenye faragha ngao hiyo haipo. Huwezi kumwambia hakimu "lakini ni kweli alikuwa gesti", kwa sababu hilo hasa ndilo mlalamikaji analolia nalo, kwamba umeanika jambo la kweli ambalo halikuwa lako. Hapo kinachobaki kukuokoa ni maslahi ya umma, na maslahi hayo lazima uyaonyeshe kwa kidole, kama nilivyoonyesha lile gari.

Umma una maslahi yake na una kiu yake. Kiu ndiyo inayouza gazeti, sikatai, na mimi mwenyewe saluni nikikuta gazeti la udaku nalisoma mpaka matangazo. Ila siwezi kwenda nalo mbele ya jaji.

Sasa mlango ulio wetu. Watu wanadhani kumchunguza kiongozi nyumbani kwake ni tabia ya wazungu iliyoletwa na intaneti. Someni tena Azimio la Arusha la 1967. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili mtu asikwepe kwa kuandikisha nyumba jina la mama watoto, Azimio likasema wazi kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au pamoja na mumewe. Hakuna gazeti la udaku lililowahi kuingia ndani ya ndoa kwa kina hicho! Lakini tazameni liliingia kutafuta nini: hati ya nyumba, hisa, mshahara wa pili. Kitandani halikuangalia.

Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala, CCM, kililegeza masharti hayo. Mwaka 1995 tukapata Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, yenye tamko la mali ambalo kiongozi hulijaza kila mwaka, likimhusisha na mwenzi wake na watoto wadogo. Fomu zipo Sekretarieti ya Maadili. Mwananchi wa kawaida kuzifikia, halafu kuchapisha alichokiona, ni safari yenye vizuizi vingi, na hili linanikera kuliko gesti zote za Tanzania. Aprili 2008 tulijua kwamba waziri wetu wa miundombinu, Andrew Chenge, ana zaidi ya dola milioni moja katika akaunti kisiwani Jersey, na tulijuzwa na gazeti la Uingereza lililofuata uchunguzi wa Waingereza kuhusu ununuzi wa rada. Yeye akaziita vijisenti. Alikana kwamba zinahusiana na rada, na hakuwahi kutiwa hatiani kwa fedha hizo, lakini alijiuzulu uwaziri mwezi huohuo. Akaunti ya benki ni siri ya mtu, nakubali. Ya waziri anayesaini mikataba si siri yake peke yake.

Wakenya wao wameliandika hili bila kuzunguka. Ibara ya 75 ya Katiba yao ya 2010 inamtaka ofisa wa dola aepuke mgongano wa maslahi na asiidhalilishe ofisi yake, awe katika shughuli za umma au katika maisha binafsi. Wameweka neno lenyewe, maisha binafsi. Ile sehemu ya kudhalilisha ofisi inanipa wasiwasi kidogo, maana inaweza kunyooshwa ikafika popote mpaka chumbani, lakini ya mgongano wa maslahi ningeinakili kesho asubuhi.

Nimeacha afya kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma.

Novemba 2014 Rais Kikwete alipasuliwa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Ikulu ilitoa taarifa: saratani, hatua za mwanzo, upasuaji umekwenda vizuri. Aliporudi alizungumza mwenyewe na kuwahimiza wanaume wakapime. Fikirini ni kiungo gani kilikuwa kinazungumzwa, na nchi gani ilikuwa inasikiliza. Hakuna aliyesema Rais amevuliwa nguo. Wanaume niliowafahamu, wale wa kunywa panado kwa kila kitu, walianza kuulizana kwenye foleni za benki kipimo kinafanyikaje.

Miaka sita baadaye hali ikawa nyingine. Nchi ilikuwa imeacha kutangaza takwimu za korona tangu 2020. Mwishoni mwa Januari 2021 ACT-Wazalendo wakatangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona, na mkewe pia. Hakuna aliyewalazimisha. Maalim alifariki Februari 17. Siku kumi baadaye Rais Magufuli alionekana hadharani kwa mara ya mwisho, Ikulu, akimwapisha Katibu Mkuu Kiongozi. Halafu kimya. Machi 12 Waziri Mkuu, akiwa Njombe, aliwaambia wananchi kwamba Rais ni mzima na anachapa kazi. Polisi walikamata watu kadhaa kwa kuandika mitandaoni kwamba Rais anaumwa. Machi 17 usiku Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akatangaza kifo, na ndipo tukasikia kwamba Rais alilazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Machi 6 akatoka kesho yake, akalazwa tena hospitali ya Mzena Machi 14, na kwamba ugonjwa wa mfumo wa umeme wa moyo alikuwa nao kwa zaidi ya miaka 10.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini msiba ule haukuwa wa familia moja. Ibara ya 37 ya Katiba inaeleza nini kifanyike Rais akishindwa kazi kwa maradhi ya mwili au akili: Baraza la Mawaziri linampelekea Jaji Mkuu hoja, naye anaunda bodi ya madaktari. Utaratibu mzuri, ila unaanzia kwa watu ambao Rais kawateua na anaweza kuwatengua kabla ya chai ya saa nne. Ukizuia na magazeti kuuliza, hiyo ibara inabaki pambo. Wiki zile nilizuia aya mbili kwenye gazeti moja. Kisheria nilikuwa sahihi, kwa sababu hatukuwa na chanzo cha kusimama mahakamani. Hata leo sijivunii.

Anayesema hii ni ushamba wa Afrika nampeleka Ufaransa, nchi inayosifika kwa kuheshimu chumba cha mtu. François Mitterrand aliingia madarakani Mei 1981 akiahidi kutoa taarifa ya afya yake mara kwa mara. Novemba mwaka huohuo akagundulika ana saratani. Taarifa zikaendelea kutoka, zimesainiwa na daktari, hazina saratani. Wafaransa walikuja kuambiwa 1992, baada ya kuwa wamemchagua tena. Alikuwa pia na binti nje ya ndoa, Mazarine, aliyezaliwa 1974, ambaye waandishi wengi walimjua na wakanyamaza mpaka jarida moja lilipochapa picha Novemba 1994. Mtoto wa nje si habari, mtasema, nami nasema vivyo hivyo. Lakini mama na mtoto walikaa katika nyumba ya serikali, wakalindwa na askari wa serikali, na kikosi kidogo ndani ya Ikulu ya Paris kikasikiliza simu za watu, akiwemo mwandishi aliyekuwa akitishia kufichua siri hiyo. Mwaka 2005 mahakama iliwatia hatiani maofisa kadhaa kwa udukuzi huo. Heshima ya Wafaransa kwa faragha ya mtu mmoja iligharamiwa na faragha ya wengine.

Mitterrand alifariki Januari 8, 1996. Siku tisa baadaye daktari wake akatoa kitabu akieleza yote. Familia ikaenda mahakamani, kikapigwa marufuku kesho yake, nakala kama 40,000 zikiwa zimeshauzwa. Kesi ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na hukumu ya 2004 ndiyo ninayoirudia nikikwama. Majaji walisema marufuku ya siku zile za mwanzo ilikuwa halali, kwa sababu ya msiba. Sisi tungesema hata arobaini haijafika, mwacheni mjane apumue. Lakini kuendelea kuzuia miezi tisa baadaye, wakati siri imeshasambaa na umma una haki ya kujadili kama rais alimudu kazi, hapana. Faragha ileile, kitabu kilekile, majibu mawili tofauti kwa sababu ya kalenda.

Watoto wa viongozi mimi nawaondoa kabisa, mpaka watakapopewa tenda. Unafiki nao unapewa uzito kupita kiasi: mwanasiasa aliyehubiri ndoa jukwaani kisha akakutwa gesti kajitafutia, sawa, lakini kwanza nionyeshe alipohubiri, na tarehe. Na wanawake wagombea tunawaonea. Mwanamume anaulizwa sera ya maji, mwanamke anaulizwa kaachika lini na mumewe anasemaje. Nimeshafuta swali la aina hiyo mara nyingi kiasi kwamba mhariri mmoja alinitania nimewekwa na akina mama wa chama.

Turudi kwenye zile picha. Gazeti la Jumatatu halikutoka na gesti. Kijana alipewa siku mbili, akaenda kutafuta ratiba za safari za gari lile, na tukachapa Jumatano, ukurasa wa tatu, habari ya magari ya serikali yanayozunguka wikiendi. Picha ilikuwa ya gari na mwembe. Mwanamke tulimwondoa kabisa, hata kivuli chake. Yeye hakuomba kura ya mtu. Mhariri alinuna, na nakala zilizorudi siku hiyo alinionyesha kwa mkono, rundo limefika kiunoni.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya wakili wa mheshimiwa, kurasa nne, ikidai fidia. Ilisema gari lilikuwa kikazi, limepeleka nyaraka za kikao. Niliisoma mara mbili. Mwanamke hakutajwa popote, na gesti iliitwa "eneo husika". Tulijibu kwa sentensi moja, tukiomba ajenda na mahudhurio ya kikao hicho cha Jumamosi saa nne kasorobo usiku.

Ni mwezi wa tano sasa, bado tunasubiri mahudhurio.