Chibalo: shokoa ya Wareno haikwisha pale wengi wanapodhani

Shokoa tunaijua: kazi ya lazima ya serikali, yenye ujira kiduchu au bila ujira kabisa. Nchini Msumbiji, koloni la Wareno, iliitwa chibalo, na bado inasimuliwa kwa makosa.

Dhana: Ilikwisha utumwa ulipofutwa.

Ureno ilitangaza kufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1869. Sheria ya kazi ya 1899 ndiyo iliyomtwika kila "mzawa", yaani Mwafrika asiyehesabiwa kuwa raia, wajibu wa kufanya kazi na kuwapa maofisa mamlaka ya kumlazimisha. Chibalo ilikuja baada ya utumwa kupigwa marufuku.

Dhana: Waliopelekwa chibalo walikuwa wavivu na wahalifu.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana ni maneno ya wakoloni wenyewe yanayorudiwa hadi leo. Mkulima aliyeamkia shambani kwake kila alfajiri hakuhesabiwa kuwa anafanya kazi. Kazi, kwa macho ya serikali, ilikuwa ya mshahara au ya zao la kuuza. Aliyeshindwa kulipa kodi, au ambaye kitabu chake cha utambulisho hakikuonyesha mwajiri, alikamatwa akapelekwa kujenga barabara na reli. Sheria ya 1928 ilikataza kuwalazimisha watu wawatumikie waajiri binafsi, lakini maofisa waliendelea kuwapeleka kwenye mashamba ya walowezi.

Kaskazini kulikuwa na pamba. Familia nzima, wanawake wakiwamo, zililazimishwa kuilima na kuiuza kwa bei iliyopangwa na serikali, huku mashamba ya chakula yakikosa mikono. Njaa ikafuata. Aliyezembea alichapwa viganjani kwa palmatória, kibao cha mti chenye matundu, hadi mikono ikavimba. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma wakaenda kukata mkonge Tanganyika, kazi ambayo nayo ilikuwa ngumu.

Dhana: Ureno iliifuta kwa hiari yake.

Mwaka 1947 Henrique Galvão, mkaguzi mkuu wa makoloni, aliulaani mfumo huo katika ripoti kwa wabunge wa Lisbon. Ripoti ikafichwa. Mabadiliko yalikuja 1961, wakulima wa pamba wa Baixa de Cassanje, Angola, walipogoma na kupigwa mabomu, na Ghana ilipoishtaki Ureno kwenye Shirika la Kazi Duniani. Mwaka huohuo hadhi ya "mzawa" na pamba ya lazima vikafutwa. Sheria mpya ya kazi ikatoka 1962.

Dhana: Uhuru wa 1975 ulimaliza yote.

Mwaka 1983 serikali ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru, iliendesha Operesheni Uzalishaji. Wakazi wa mijini walioitwa "wasiozalisha", wengi wao kwa kukosa tu karatasi za kazi au za makazi, walikusanywa wakapelekwa mkoa wa Niassa, kaskazini, mbali na jamaa zao. Mwaka 1942 waraka wa gavana mkuu wa Kireno uliwataka wanaume wathibitishe kwamba wana kazi. Kijana wa miaka 20 wakati ule alikuwa na 61 alipoulizwa tena swali lilelile.