Sonona haiponi kwa kujikaza: maswali na majibu

Swali: Sonona ni nini?
Jibu: Ni ugonjwa, na wengine huuita unyogovu. Mgonjwa huwa na huzuni nzito au hupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki 2. Pamoja na hayo usingizi huvurugika, hamu ya chakula hubadilika, nguvu humwishia, na hujiona hana thamani.

Swali: Mbona wengi wenye sonona huja kituo cha afya wakilalamikia kichwa na tumbo?
Jibu: Kwa sababu maumivu ya mwili hayana aibu. Mtu hupimwa, haonekani na tatizo, hupewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Tukimuuliza kwa utulivu analalaje, ndipo tunapogundua kwamba kwa miezi mingi amekuwa akiamka saa tisa usiku bila kumwambia hata mwenzake anayelala naye kitanda kimoja. Maumivu yake ni ya kweli. Alitaja tu yale aliyoona yanatajika.

Swali: Akijikaza si itapita?
Jibu: Hapana. "Jikaze" ndilo neno ninalolisikia mno kutoka kwa ndugu wanaomsindikiza mgonjwa. Hulisema kwa mapenzi, lakini analojifunza mgonjwa ni kunyamaza. Anayefika kwetu amekwisha kujikaza hadi mwisho wa nguvu zake: amekwenda kazini, amewahudumia watoto, amecheka harusini, na kila jioni amerudi hoi kuliko jana. Wiki 2 zikipita bila nafuu, tafadhali msisubiri ya 3.

Swali: Je, kuandika yanayonisumbua kunasaidia?
Jibu: Kunasaidia, kwa kiasi chake. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo walioandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Hao hawakuwa wagonjwa wa sonona, kwa hiyo daftari lisichukue nafasi ya matibabu. Kazi yake kubwa ninayoiona ni kufungua kinywa. Mgonjwa mmoja alishindwa kutamka neno, akasukuma daftari mezani, ukurasa umekunjwa kona, una mistari mitatu. Wa mwisho ulisema angependa asiamke tena. Matibabu yake yalianzia kwenye mstari huo. Na ukitaka kuwaandikia watu wengi yanayokusumbua, mwambie kwanza mtu mmoja unayemwamini, anayeweza kubisha mlango wako usiku.

Swali: Nikimuuliza ndugu yangu kama anafikiria kujiua, si nitakuwa nimempa wazo hilo?
Jibu: Hapana. Narudia: hapana. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo alioubeba peke yake. Muulize waziwazi, "Je, umefikiria kujiua?", kisha nyamaza umsikilize, usimkemee wala usimhubirie. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa zilizo karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya kikao cha familia, wala si baada ya kuona kama kesho ataamka vizuri. Wanaodai kwamba asemaye hatendi wanakosea vibaya, kwani wengi waliojiua walikuwa wamedokeza, wakapuuzwa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Muulize.

Swali: Matibabu yakoje?
Jibu: Ni mazungumzo na mtaalamu, na hali ikiwa ya wastani au kali, dawa pia. Nafuu ya dawa huchukua wiki kadhaa kuonekana, na wengi huziacha kabla haijafika au mara tu inapofika. Usiziache bila kuzungumza na aliyekuandikia.

Swali: Nikifika kituo cha afya nianze kwa kusema nini?
Jibu: Sema, "Silali, na nimechoka kuishi hivi." Ukishindwa, yaandike hayo kwenye karatasi umkabidhi mhudumu.