Bundi, mnana na mwarobaini: tunayoambiana Malindi kuhusu ndege na bustani

"Kutazama ndege ni starehe ya wazungu." Utaisikia kauli hii kituo cha matatu, utaisikia barazani. Lakini muulize mtafiti aliyekuja Arabuko-Sokoke kuwatafuta ndege adimu wa msitu huo ni nani aliyemwongoza, na huenda akakutajia Mzee David Ngala, mwenyeji wa hapa ambaye umri wake mwingi ameumaliza msituni. Mgeni huja na darubini na kitabu. Mlio wa bundi gizani, na mti anaolala mchana, hayo huyajua mtu aliyekaa na msitu miaka.

Mtazame mnana wa Kilifi. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, na hapatikani popote duniani isipokuwa kaunti hii. Watu walizoea kumwona Arabuko-Sokoke, makundi kwa makundi juu ya miti ya mirihi, akiokota wadudu. Msimu ukifika alitoweka, na hakuna aliyejua anakotagia. Viota havikuthibitishwa mpaka 2013, miaka mia kamili, huko Dakatcha, bara ya Malindi, ndani ya kinamasi cha msimu kilichoota ndago. Wanakijiji wa kundi la uhifadhi la Dakatcha walikuwemo katika kutafuta huko. Kwa hiyo mwenye kusema hii si kazi yetu aanze kwanza kutueleza hilo. Na mirihi yenyewe inakatwa kila siku kwa makaa.

"Bundi akilia juu ya paa, kuna mtu atakufa." Bundi analia kumwita mwenzake na kuwatangazia wengine mipaka yake. Yule mweupe anayelala kwenye mapaa ya nyumba kuukuu chakula chake kikubwa ni panya, na akiwa na makinda huwinda usiku kucha. Ukitega sumu ya panya uani, panya aliyelewa sumu ataliwa na bundi huyo huyo, naye afe. Bundi wa Sokoke ni mwingine kabisa: ana urefu wa sentimita 16 hivi, rangi yake ni ya kijivu, kahawia au kutu, na hula wadudu. Alitambuliwa na sayansi mwaka 1966, na nje ya Arabuko-Sokoke anajulikana mahali pachache tu, kama vilima vya chini vya Usambara, Tanzania. Kumpiga mawe ndege kama huyo kwa sababu ya uchuro ni hasara isiyolipika.

"Mnana huua minazi." Hapa nitasema kwa urefu, maana wenye mashamba hawataki kusikia. Mnana wa rangi ya dhahabu huchana makuti vipande vyembamba akasukia kiota, na mnazi wenye viota vingi huonekana kama umepigwa na upepo wa kusi. Kundi kubwa kwenye mnazi mchanga laweza kuupunguzia nguvu, hilo silikatai. Lakini uhai wa mnazi uko kwenye kilele, na anayekitoboa kilele ni mbawakawa mwenye pembe, anayezaliana kwenye magogo yanayooza na marundo ya samadi. Safisha hayo kabla hujachukua manati. Nazi changa zikianguka ovyo, mara nyingi mkosaji ni kunguni wa minazi, anayezifyonza zikiwa ndogo. Adui wake ni maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mnazi wenye maji moto wengi hauteswi sana na kunguni huyo, nasi tunawachoma moto. Wagema hawatanishukuru kwa kusema hivi, najua. Wao ndio wanaoumwa.

"Mwarobaini ni mti wetu wa asili, ukiupanda umeyasaidia mazingira." Mkilifi, kama wengi tunavyouita, asili yake ni Asia Kusini. Una kivuli, una dawa, hauogopi kiangazi. Matunda yake yakiiva ndege na popo huyala, kisha mbegu huangushwa vichakani na hata ndani ya misitu ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ile ambayo baadhi yake UNESCO iliiorodhesha mwaka 2008. Miche huota kwa wingi ikaizonga ya asili. Aliyepanda mwarobaini ili alishe ndege amewalisha kweli, ila amewafanya wapanzi wa mti unaowanyang'anya makao. Kwenye kiwanja kikubwa mimi ningepanda mkuyu: ninga, shore na hondohondo watakuja wenyewe. Mbambakofi pia, kwa mwenye subira. Miche ya mwarobaini inayojiotea uani ing'olewe ikiwa midogo, kabla mizizi haijashika.

Chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, naye husingiziwa kwamba akinyonya ua halizai. Kinyume chake: hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Mpandie mshubiri, na usipulize dawa kila wiki, kwani makinda yake hulishwa wadudu na buibui, si asali ya maua.

"Kurabu ndiye msafishaji wa mji." Kunguru huyu wa Bara Hindi aliletwa Unguja miaka ya 1890, na Mombasa alionekana 1947. Anakula taka, kweli, lakini anakula pia mayai na makinda ya ndege wengine. Palipo na kurabu wengi bustani huwa kimya. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja pwani. Sioni sumu peke yake ikitosha maadamu matumbo ya samaki yanatupwa wazi sokoni na majaa hayafunikwi. Asichanganywe na kunguru mwenye kifua cheupe, ambaye ni mwenyeji na hayumo katika mpango huo.