Udhamini wa kifedha katika viza ya mwenza: maana yake na unachotia saini

Neno "udhamini" lina sura mbili katika mazungumzo yetu. Upo udhamini wa masomo, ambapo mtu au shirika hutoa fedha ili mwanafunzi asome. Na upo udhamini wa mkopo, au wa mahakamani, ambapo mdhamini hatoi hata senti siku ya kutia saini, ila anajifunga kwamba mwenzake akishindwa, yeye ndiye atakayeulizwa. Anayetaka kumleta mume, mke au mchumba wa kigeni aje kuishi naye nchini kwake hukutana na neno hili kwenye fomu za uhamiaji, na mara nyingi hulisoma kwa sura ya kwanza: nitamlisha, nitamvisha, nitamlipia nauli. Sheria inalitumia kwa sura ya pili.

Jiulize ni nani anadhaminiwa kwa nani, na mambo yatanyooka. Anayetaka dhamana hapa ni serikali, na anachokilinda ni mfuko wa umma, yaani fedha za misaada ya chakula, nyumba na matunzo ambazo raia asiye na kipato huweza kupewa. Mgeni anayeingia kwa njia ya ndoa anaogopwa kwamba atategemea mfuko huo, na mdhamini anawekwa mbele yake kama ukuta. Kwa hiyo ofisa anayesoma faili la fedha haulizi kama mnapendana. Hilo lina sehemu yake katika maombi. Hapa anauliza tu kama ukuta huo unasimama.

Udhamini wa namna hii una vipande viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni kizingiti: kiasi cha kipato au mali unachopaswa kukionyesha kabla viza haijatolewa. Cha pili ni ahadi: wajibu unaobaki mabegani mwako baada ya mwenza kufika. Kila nchi huchanganya vipande hivi kwa kipimo chake, na ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyefanikiwa katika nchi nyingine unaweza kukupoteza kabisa.

Marekani ina vyote viwili, na ahadi yake ni nzito kuliko wengi wanavyofahamu. Mume au mke anapoombewa ukazi wa kudumu, mdhamini hujaza fomu I-864, kiapo cha udhamini kilichopewa nguvu ya mkataba na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996. Kizingiti chake ni asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kuu kila mwaka. Kwa viwango vya mwaka 2025, kaya ya watu wawili ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka, isipokuwa Alaska na Hawaii ambako kiwango ni cha juu zaidi. Mwanajeshi aliye kazini akimdhamini mwenza wake hutakiwa kufikia asilimia 100 tu. Viza ya mchumba nayo hupimwa kwanza kwa asilimia 100, kwa fomu nyepesi zaidi, lakini wakishafunga ndoa na kuomba ukazi, I-864 inawasubiri palepale.

Kaya huhesabiwa kwa namna inayowashtua wengi. Humo wamo wewe, mwenza anayekuja, watoto wako, wategemezi uliowaandika kwenye kodi, na mtu yeyote uliyewahi kumdhamini zamani ambaye wajibu wako kwake haujaisha. Kichwa kimoja kikiongezeka, kizingiti kinapanda.

Kipato kisipotosha, zipo njia. Ndugu anayeishi nawe anaweza kuunganisha kipato chake na chako kwa kutia saini hati yake mwenyewe. Mtu mwingine, hata asiye ndugu, anaweza kuwa mdhamini wa pili, mradi awe na miaka 18 au zaidi, awe raia au mkazi wa kudumu, aishi Marekani, na afikie kizingiti kwa kipato chake. Hata hivyo wewe uliyemwombea mwenza bado unajaza fomu yako na bado unafungwa nayo. Mdhamini wa pili hachukui nafasi yako, anasimama kando yako. Njia ya tatu ni mali inayoweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja. Kwa mwenza wa raia, mali hiyo lazima iwe mara tatu ya pengo. Tuseme unapata dola 20,437 na unatakiwa 26,437: pengo ni 6,000, hivyo utaonyesha mali ya dola 18,000 baada ya kutoa madeni yaliyo juu yake. Gari huhesabiwa tu ukithibitisha unalo jingine.

Sasa ahadi yenyewe. Inaanza siku mwenza anapopata ukazi wa kudumu, na haina tarehe ya mwisho. Inakoma akipata uraia, au akihesabiwa robo mwaka 40 za kazi katika mfumo wa hifadhi ya jamii, ambazo kwa kawaida ni kama miaka 10 ya kazi, au akiondoka nchini moja kwa moja na kupoteza ukazi wake, au mmoja wenu akifariki. Talaka haimo katika orodha hiyo. Narudia kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo watu huumia: ndoa ikivunjika baada ya mwaka mmoja, kiapo kinaendelea. Taasisi ya serikali iliyotoa aina fulani za misaada inaweza kudai ilipwe, na mwenza mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kudai atunzwe kwa kiwango kile cha asilimia 125. Mdhamini wa pili naye yumo. Kama ni shangazi yako aliyekubali kutia saini kwa huruma, ana haki ya kuelezwa haya kabla ya kushika kalamu.

Uingereza imeegemea upande mwingine. Uzito wote uko kwenye kizingiti, na kizingiti hicho ni kikali. Mwaka 2012 kiliwekwa pauni 18,600 kwa mwaka, kikiongezeka kama kuna watoto wasio raia. Hoja ilikuwa kwamba wanandoa wenye kipato hicho kwa kawaida hawastahili tena misaada inayotolewa kwa wenye kipato kidogo. Tarehe 11 Aprili 2024 kilipandishwa hadi pauni 29,000, na nyongeza ya watoto ikaondolewa kwa waombaji wapya. Waliokuwa tayari kwenye viza ya mwenza kabla ya tarehe ile waliruhusiwa kuendelea na mwenza yuleyule kwa masharti ya zamani. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kuamua, Februari 2017, kwamba kuweka kizingiti si kinyume cha sheria, lakini masharti yalivyoandikwa hayakuwa yamezingatia ipasavyo maslahi ya watoto.

Kinachowaangusha waombaji wengi huko si ukubwa wa namba peke yake, ni uthibitisho. Aliyeajiriwa kwa mwajiri mmoja kwa miezi 6 au zaidi huleta hati za mshahara za miezi hiyo, taarifa za benki za miezi hiyohiyo, na barua ya mwajiri. Kila mshahara ulioandikwa kwenye hati lazima uonekane ukiingia benki. Aliyebadili kazi karibuni, au ambaye kipato chake kimepanda na kushuka, hupimwa kwa miezi 12. Aliyejiajiri huhesabiwa kwa mwaka kamili wa fedha uliokwisha, hivyo biashara iliyoanza kushamiri miezi minne iliyopita haimsaidii. Mtu anaweza kuwa na fedha ya kutosha kabisa na akakataliwa kwa sababu karatasi moja imekosekana au tarehe zimepitwa. Naliona hili kuwa kali kupita kiasi, hasa kwa wanaolipwa taslimu au kwa vibarua, lakini ndivyo lilivyo na ni bora kulijua miezi sita kabla.

Akiba pia inakubalika, kwa hesabu yenye mantiki ukishaielewa. Pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi, kwa kuwa hicho ndicho kiwango ambacho mwenye akiba chini yake anaweza kustahili misaada. Kinachozidi hapo hugawanywa kwa 2.5, miaka miwili na nusu ya kipindi cha ruhusa. Anayepata mshahara wa pauni 25,000 ana pengo la 4,000; mara 2.5 ni 10,000. Ongeza 16,000, anahitaji akiba ya pauni 26,000. Asiye na mshahara wowote atahitaji 88,500. Fedha hiyo iwe imekaa mikononi mwenu miezi 6. Ikiwa ni zawadi ya wazazi, sawa. Ikiwa ni mkopo uliowekwa benki ili taarifa ipendeze, haifai. Na ahadi ya wazazi kwamba watawasaidia kila mwezi, ambayo kibinadamu ni msaada mkubwa, kwa kawaida haihesabiwi. Tazama tofauti na Marekani, ambako mtu wa nje anaweza kusimama nawe. Upo mlango mwepesi kwa anayepokea baadhi ya misaada ya ulemavu au ya kumtunza mgonjwa: yeye haulizwi pauni 29,000, anaulizwa tu kama mtaweza kujikimu bila fedha za umma.

Kanada imefanya kinyume. Kumdhamini mume au mke kwa kawaida hakuna kizingiti cha kipato. Kinachotazamwa ni kama wewe mwenyewe unaishi kwa msaada wa serikali usiotokana na ulemavu, kama umefilisika na hujaachiliwa na mahakama, au kama una deni la udhamini wa zamani. Ahadi ni ya miaka 3 tangu mwenza apate ukazi, na akichukua msaada wa jamii ndani ya muda huo, unalipa wewe. Jimbo la Québec lina utaratibu wake.

Kwa wageni wanaoishi katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya na wanataka kuleta familia, Mahakama ya Haki ya umoja huo ilitoa hukumu muhimu tarehe 4 Machi 2010, katika kesi iliyotoka Uholanzi. Ilisema nchi inaweza kuweka kiasi cha kuongozea uamuzi, lakini haiwezi kumkataa kila aliye chini yake bila kuangalia hali yake binafsi. Ukipewa barua ya kukataliwa inayotaja namba tu, swali la kwanza kwa mwanasheria liwe kama hali yako binafsi iliangaliwa.

Lipo kosa moja linalovuka mipaka yote: kuhesabu mshahara ambao mwenza anaupata sasa kule aliko. Ni fedha halisi, ndiyo, lakini siku akipanda ndege kazi ile inaisha. Uingereza haiihesabu katika maombi ya kuingia. Marekani huihesabu tu kama itaendelea kutoka chanzo hichohicho baada ya kupata ukazi. Na hali hiyohiyo inakugusa wewe kama mlikuwa mnaishi wote ughaibuni na sasa mnarudi kwenu pamoja: Uingereza inataka uwe umekuwa ukipata kipato hicho huko uliko na pia uwe na kazi itakayoanza ndani ya miezi 3 baada ya kurudi, Marekani inataka uonyeshe kwamba makazi yako yatakuwa humo kufikia siku mwenza anapoingia, kwa mfano kwa mkataba wa nyumba, kazi uliyopata, au shule mliyowaandikisha watoto. Wanandoa wengine huamua mmoja atangulie, akae miezi sita akifanya kazi na kukusanya hati, kisha ndipo waombe. Ni utengano mchungu, hasa penye mtoto mdogo, na unapaswa kuingizwa kwenye mipango tangu siku ya kwanza, pamoja na nauli na ada ya viza.